Siku Tuliyokataa Kushuka

Mwezi uliopita nilirudi Kibiti kumzika mtu nisiyempenda. Nakwambia mapema, rafiki yangu, usije ukanidhania mwema kuliko nilivyo. Nilikwenda kwa sababu mama alisisitiza kwamba msiba haususwi, nikajitanda kanga nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na kila nilipoona jicho linanitazama niliinamisha kichwa kama wao. Kisha kijana mmoja wa familia akasoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti. Alipofika mahali paliposema kwamba marehemu ndiye aliyebuni mchezo mkubwa wa kwanza wa sarakasi upande wetu, ule uliochezwa Dar es Salaam mbele ya wageni wa mataifa, damu ilinipanda mpaka masikioni. Marehemu hasemwi vibaya mbele ya jeneza. Basi pale sikusema. Nasema hapa.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa yamekaa miaka na kiberiti na chumvi tu yalianza kujaa. Siku za gulio mabelo ya mitumba yalipasuliwa juu ya mchanga, na harufu ile ya nguo za ng'ambo ikachanganyika na moshi wa korosho na kitoga, samaki wa mtoni, wa kukaushwa. Sabuni zilikuja za rangi tatu nne. Redio kaseti zilipiga kila kibanda wimbo wake. Na miradi nayo ikaja, na magari meupe, na watu wenye madaftari waliotaka kujua tunalima nini na tunakula nini.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa amejifunza sarakasi ujanani, na kila jioni baada ya masomo alitufundisha katika uwanja nyuma ya soko. Tulikuwa wasichana na wavulana, wasichana tukivaa traksuti za mitumba chini ya sketi. Wapo waliosema ni aibu mtoto wa kike kusimama juu ya mabega ya watu. Bibi yangu, mama yake mama, alikuja siku moja kutazama, akakaa jioni nzima, akaondoka. Kesho yake alinishonea ukanda wa kufunga traksuti isinianguke. Hapo nyumbani hakuna aliyeuliza tena.

Mama mmoja wa mradi alituona siku ya wazazi shuleni. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye miwani. Alimwambia mwalimu kwamba mradi wake uko tayari kutuhudumia kwa miezi mitatu: magodoro ya mazoezi, vifaa, na chakula cha mchana kila Jumamosi na Jumapili. Alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka kuona tukisimama kwa mikono na kuzungusha sahani, mambo aliyoyaona kila mahali. Alitaka mchezo mpya, uliotoka hapa, wa kuchezwa nje, ambao hata aliyekuja sokoni kununua chumvi angeuona bila kuombwa tiketi. Ili mambo yaende sawa aliiomba kamati ya sherehe ya pale mjini itusimamie, na mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa mfanyabiashara wa boriti za mikoko, mtu wa suti nyeupe na mikono laini. Ndiye tuliyemzika.

Mwalimu alihangaika wiki mbili bila kupata mchezo. Shule ilipofungwa alinisindikiza mimi na wenzangu shambani kwa Bibi, upande wa delta, unaposhuka Nyamisati na kuvuka kwa mtumbwi. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Bibi alikuwa juu ya dungu lake, kile kichanja kirefu cha miti ambacho mtu hukaa kuamia ndege, mikononi ameshika kamba zilizotawanyika shamba zima, na kila kamba imefungwa makopo. Alipovuta, makopo yalilia upande wa mto. Alipovuta nyingine, yakalia upande wa msitu. Na alikuwa na milio yake: mmoja wa ndege, mmoja wa nyani, mmoja wa nguruwe, na mmoja mrefu, unaokatika katikati na kupanda tena, wa kutuita sisi watoto tuje kula. Tulikula wali wa mpunga mpya na kamba wadogo waliokaushwa, kwa tui. Mwalimu hakula. Alimtazama Bibi tu, mwisho akamwomba, kwa adabu kabisa, amfundishe ile kazi.

Bibi alicheka akamuuliza tangu lini mwalimu akafundishwa kufukuza ndege. Lakini alifundisha. Wiki nzima walikaa wawili wale, yeye akisema na mwalimu akipanga, na tuliporudi Kibiti mchezo ulikuwa umekamilika. Watano kati yetu walikuwa nguzo za dungu, watatu wakasimama mabegani kwao, na mimi, niliyekuwa mwepesi kuliko wote, nikakaa kileleni na kamba zangu za makopo. Wadogo walikuwa ndege, wenye mabawa ya kanga. Wengine walitembea juu ya mironjo, miti mirefu iliyofungwa miguuni, wakawa mto unaofurika. Bibi alikaa pembeni na ngoma. Alipotoa ule mlio mrefu, mnara wote ulivunjika kwa mpigo mmoja, tukaruka na kubiringika. Mwalimu alitukazia sheria moja kuliko zote: asishuke mtu kabla ya mlio, maana atakayetangulia atawavunja wenzake.

Tulicheza sokoni Kibiti. Tulicheza Mchukwi, wagonjwa wakatoka hospitalini na mashuka yao kututazama. Tulicheza Nyamisati, na vibarua wa boriti wakatua mizigo. Akina mama waliokaa madunguni maisha yao yote walifuta machozi huku wanacheka, kwani hawakuwahi kudhani kazi ile inaweza kupigiwa makofi.

Kisha ikaja barua kwamba mchezo unatakiwa Dar es Salaam. Mwenyekiti alituletea habari hiyo mwenyewe, na wiki ile ile akaleta uwanjani kundi la vijana wa mjini, wapwa zake wawili wakiwemo. Alisema ni wageni wanaotaka kujifunza. Tukawafundisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilimshika mpwa wake mkono, nikamwonyesha mahali pa kuweka unyayo. Siku kumi baadaye mwalimu alipata uhamisho, shule ya mbali, aripoti mara moja. Mwenyekiti akatuambia safari imezuiwa, kwamba wazazi wengine hawakukubali watoto wa kike walale ugenini. Hakuna mzazi aliyeulizwa.

Ukweli tuliupata kwenye karanga. Muuza karanga alinifungia zangu kwa kipande cha gazeti, na nilipokunjua niliona picha ya mnara wetu, na kileleni, mahali pangu, yule mpwa. Maneno ya chini yalisema mchezo umebuniwa na mwenyekiti, na kwamba kikundi kilisaidiwa na bibi mmoja wa kijijini, mpishi wao.

Nilimsomea Bibi, maana yeye alisoma Kurani tu. Alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Soma tena hapo pa mpishi," alisema.

Nikasoma tena. Akaniambia nirudie mara ya tatu, taratibu. Kisha akachukua kile kipande chenye mafuta ya karanga, akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakulia, hakulaani mtu. Mimi ndiye niliyelaani, kimoyomoyo, kila baada ya sala, kwa miezi sita. Nilimwombea mabaya ambayo mtoto wa umri wangu hakupaswa kuyajua.

Miezi sita hiyo ilipokwisha, wageni walewale wa mataifa waliouona Dar es Salaam wakataka kuuona mchezo mahali ulipozaliwa. Kundi la mwenyekiti lilikuwa limekwisha kusambaratika, wapwa wameshika biashara zao Dar. Akaja nyumbani kwetu na kanga doti mbili na sukari, akaketi kwenye kigoda, akaongea kwa unyenyekevu mwingi. Aliomba tumsaidie siku moja tu, kwa heshima ya Kibiti. Bibi alimkaribisha chai na akakubali pale pale. Nilikasirika nikatoka nje. Siku tatu sikumsemesha.

Alipotukusanya kwa mazoezi ndipo nilipoelewa. Alitupandisha mnarani, akakaa chini na kapu la mihogo, akaanza kumenya. Alimenya mmoja, akamenya wa pili. Hakutoa mlio. Tulikaa juu mpaka kapu likaisha, ndipo akatushusha, akatuambia tutakachofanya. Aliwageukia wale watano wa chini, akawauliza mmoja mmoja kama ataweza, akawaambia kwamba asiyeweza aseme sasa, hatachekwa. Binti wa muuza kitoga, aliyekuwa nguzo ya katikati na kubeba uzito mkubwa kuliko wote, alijibu kwamba kapu lile lilikuwa dogo.

Siku ilifika, Jumamosi baada ya alasiri. Wageni walikaa chini ya turubai, soko zima limefungwa, watu wamepanda mpaka juu ya malori. Mwenyekiti alishika kipaza sauti na kusema mchezo huu aliutunga mwenyewe, akikumbuka utoto wake shambani. Bibi alisikiliza hotuba yote huku amelaza mikono juu ya ngoma.

Tukacheza kama hatujawahi kucheza. Mto ulifurika, ndege walishuka, dungu likasimama. Nilipofika kileleni nikavuta kamba, makopo yakalia, watu wakapiga kelele za furaha. Bibi akapiga ngoma mara moja, akanyamaza.

Watu walipiga makofi, makofi yakaisha. Sisi tuko juu. Mwenyekiti naye alipiga makofi akitabasamu, akatazama huku na huku, kisha akamsogelea Bibi na kumnong'oneza. Bibi hakunong'ona.

"Mchezo ni wako, mwenyekiti," alisema. "Washushe wewe."

Alituambia tushuke. Hakuna aliyetikisika. Akatupungia mkono, akapaza sauti, akajaribu hata kulia kama ndege, na pale watu wa kwenye malori wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa juu kabisa. Niliona upara wake unavyong'aa na jasho linavyoingia kwenye kola nyeupe. Nimeishi miaka mingi, nimeolewa, nimezaa, lakini sijui kama nimewahi kufurahi namna ile. Nilitaka isiishe. Hata nilipohisi kwa nyayo zangu kwamba mabega niliyoyasimamia yanatetemeka, kwamba tetemeko linatoka chini kabisa, bado nilitaka isiishe.

Yule mama wa mradi alisimama, akavua miwani. Mwenyekiti akamwona.

"Sijui wanavyoshushwa," akasema, kwa sauti ya chini.

"Wageni hawajasikia," Bibi akamwambia.

"Sijui. Mchezo ni wa bibi huyu na mwalimu."

Mkalimani akatafsiri. Bibi alisubiri mpaka amalize neno la mwisho, kisha akatoa mlio, na mnara ukavunjika kwa mpigo mmoja. Wote tuliinuka isipokuwa binti wa muuza kitoga.

Goti lake halikurudi sawa. Bibi alimkanda kwa mafuta ya nazi ya moto kila asubuhi kwa mwezi mzima, akimpelekea uji, na watu walipokuja kumpongeza kwa ile siku aliwaambia ana kazi. Mama wa mradi alirudi mara moja, akaandika jina la Bibi na la mwalimu, herufi kwa herufi, akatusifu, akatuonea huruma. Lakini kamati ilikataa kutusimamia tena, na bila kamati mradi haukuwa na njia. Magodoro yakachukuliwa. Mwenyekiti hakusema nasi tena. Alijenga, akapanuka, akaendelea kualikwa meza za mbele, na taratibu watu wakasahau alichokiri. Bibi alifariki mwaka wa mafuriko makubwa. Mwalimu hakuwahi kurudi. Nilisikia alikuwa na kikundi kingine huko alikopelekwa, sijui kama ni kweli.

Baada ya maziko niliondoka msibani pamoja na binti wa muuza kitoga. Ana wajukuu sasa, na anachechemea. Nikamwuliza nililoogopa kumwuliza maisha yangu yote: kama aliwahi kujuta.

"Ningesimama mpaka magharibi," alisema. "Yeye ndiye aliyechoka mapema."

Tulikwenda kuutazama uwanja. Haupo. Pana safu ya fremu za maduka, simu, dawa za kilimo, vipuri vya pikipiki, na vijana waliokaa kivulini walitushangaa wazee wawili tunatazama sakafu. Siku hizi upande ule hakuna anayemwambia mtoto atunge kitu kipya na kumpa miezi mitatu akitunge. Madungu yenyewe yamepungua. Sijamsamehe yule mtu, na sidhani nitamsamehe, lakini niliposimama pale si yeye niliyemfikiria. Nilifikiria wiki ya kwanza ya mchezo wetu, tuliporudi kutoka shambani kwa Bibi, kabla magodoro hayajaja, tulivyopiga magoti watoto ishirini na mwalimu wetu, na Bibi na ungo wake, tukiupepeta mchanga wa uwanja mzima kwa mikono, tukitoa miba na vigae vya chupa kimoja kimoja, ili atakayeanguka asiumie. Mchanga ule bado upo, chini ya saruji. Ni safi mpaka leo.