Nafasi Chini ya Upinde

Kitabu cha alama za ngamia kilichochapwa Garissa mwezi Machi 2024 kina jina la Bilan Diriye katika ukurasa wa pili, kama mpangaji wa kurasa. Ni mara ya kwanza jina lake kuingia kitabuni. Yeye mwenyewe hana nakala.

Bilan anafanya kazi katika duka la uchapaji mtaani Waberi. Kwa kawaida hupanga kadi za harusi, kalenda na mitihani ya shule za msingi. Chama kimoja cha wafugaji kilipoleta kazi ya kitabu, aliipokea kwa sababu yake mwenyewe. Baba yake, mzee Diriye wa Liboi, alipoteza ngamia wote katika ukame wa 2022. Kilichobaki ni alama aliyokuwa akiwachoma shingoni: upinde, na chini yake kistari kifupi kisichougusa.

Nafasi hiyo si urembo. Ujanani Diriye aligombana kisimani na jirani yake, Ogle, juu ya ngamia mmoja. Alama ya Ogle ni upinde ule ule, ila kistari chake kimeungana nao. Wazee walimnyoa mnyama shingo, wakaiona nafasi, wakampa Diriye ngamia wake.

Kabla kitabu hakijachapwa, mzee alikuja Garissa kutibiwa, akapitia dukani. Bilan alimwekea kiti mbele ya kompyuta.

"Yetu iko wapi, aabo?" aliuliza mzee. Baba wa Kisomali humwita mwanawe kwa neno lile lile ambalo mwana humwitia yeye.

"Hii hapa, aabo."

Mzee alisogeza uso. Mistari ilikuwa na ukungu, kingo zake vidato vidato.

"Chuma chako hakijashika moto," alisema, akacheka. "Ngamia huyu ataibwa kabla ya adhuhuri."

Bilan alicheka pia, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Mzee aliporudi Liboi, Bilan alianza kuirekebisha michoro. Chama kiliileta ikiwa mistari safi ya kompyuta, ile isiyoharibika hata ikikuzwa ukubwa wa ukuta. Yeye aliigeuza kuwa picha, akaikoleza, akainenepesha mpaka ikasimama wazi kwenye kioo. Aliridhika nayo. Hakumwuliza mtu.

Murithi, fundi wa mashine kutoka Meru, aligundua jambo hilo vitabu vikiwa vimeshachapwa na kufungwa. Alihitaji alama moja ya kuweka kwenye bango, akafungua faili ya awali.

"Bilan, mbona ulizigusa hizi? Ziko sawa kabisa."

"Zilikuwa na ukungu."

"Wapi?"

"Hapa, kwenye ukurasa."

Murithi aliurudisha mchoro wa awali ukurasani, akafungua menyu, akachagua onyesho la ubora wa juu. Ukungu ukaondoka. Programu ilikuwa ikionyesha kivuli chepesi cha mchoro ili kompyuta isilemewe. Mchoro wenyewe ulikuwa mzima, na ungechapwa mzima.

"Dada, umempasua mtu jicho, kumbe dirisha ndilo chafu."

Bilan alikuwa amechukua kitabu na kufungua ukurasa wa baba yake. Mistari iliponenepa, nafasi ilizibika. Kistari kilikuwa kimeungana na upinde.

Nakala ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na basi la Liboi. Aliituma mwenyewe, kwa fahari, kabla ya nyingine zote. Mzee alipiga simu alasiri.

"Umemweka Ogle mara mbili."

"Nimekosea, aabo. Tutarekebisha."

"Ngamia walichukuliwa na ukame. Hii niseme imechukuliwa na nani, Bilan?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina.

Chama kimekubali kuchapa upya, na michoro ya awali imerudishwa yote. Murithi humwambia kwamba kosa hilo hufanywa na watu wengi, na ni kweli. Bilan hubishana naye kidogo tu. "Mwenye alama alikuwa ameketi hapa," husema, akionyesha kiti. "Ningemwomba tu arudi siku ya pili aiangalie tena."

Alhamisi hii atapanda basi la Liboi akiwa na ukurasa mpya. Mzee hajasema kama atautazama.