Samaki wa Jirani wa Juu

Mzee Mahmoudi alishona kanzu za watu wa Kisangani kwa miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumrudishia pindo lililopinda. Nyuma ya nyumba yake, kiwanja kinapoteremka kuelekea kijito, alichimba kidimbwi cha tilapia. Hatua thelathini chini yake palikuwa na kidimbwi cha Mama Agathe, mjane aliyeilisha nyumba yake kwa kuuza samaki. Maji yaliyomzidi Mahmoudi yalipita mferejini yakamfikia Agathe.

Mwaka juzi, akirudi kutoka ng'ambo ya mto, Mahmoudi aliokota gatini mche mmoja wa Kongo ya sika, lile gugu linaloelea, lenye maua ya zambarau. Alilitia kidimbwini liwape samaki kivuli, naye limpendeze macho. Lilimpendeza miezi mitatu. Kisha likazaa, na wanawe wakazaa, hata siku moja akaona kifaranga kikitembea juu ya maji kama kitembeavyo uwanjani.

Basi kila Ijumaa baada ya swala aliling'oa kwa reki. Palikuwa na mahali pa kulikausha, juu kule karibu na choo, mizizi ikielekea jua hadi ife. Lakini gugu lililolowa ni zito, na mgongo wake ulikuwa umechoka. Akalisukumia mferejini. "Maji yatabeba," alijiambia. Yatabeba hadi kwa nani, hilo hakujiuliza.

Mwezi haukuisha kabla Agathe hajapanda kwake.

"Papa Mahmoudi, hii majani inatoka wapi? Ninaitoa, kisha wiki ingine iko tena. Asubuhi samaki inakuja juu, kinywa wazi, inatafuta hewa."

Mzee akatazama vidole vyake. "Pengine ni ndege, mama. Ndege inabebaka mbegu."

"Bon. Basi hiyo ndege iko na nguvu," alisema Agathe, akacheka.

Kicheko kile kilimfuata Mahmoudi hadi kwenye mswala wake. Alipoinama kusujudu alikiona kidimbwi cha mjane. Hata hivyo Ijumaa iliyofuata alishika reki, na mgongo ukamshauri vilevile.

Sasa, mtaani kwao kuna desturi ya wenye vidimbwi: anayevua hupeleka samaki wa kwanza kwa jirani wa juu, kwa kuwa maji yalipita kwake kabla ya kumfikia yeye. Siku Agathe alipokausha kidimbwi chake ili avue, alipanda na sahani iliyofunikwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na tilapia watatu, wembamba kama viganja vya mtoto.

"Unisamehe, papa. Mingi ilikufa. Hii ndiyo ilibakia mizuri. Aksanti kwa maji."

Mahmoudi aliipokea sahani kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa utotoni. Kurudisha chakula ni tusi. Kukila kile ilikuwa zaidi ya tusi.

"Mama Agathe," alisema, "ile ndege ni miye. Nilikuwa ninatupa majani mu mufereji. Kila Ijumaa. Na siku uliniuliza, nilijua."

Agathe hakumgombeza, hakumfariji. Alilichukua lile jani la mgomba, akalikunja mara mbili, akashuka.

Kesho yake, jua lilipoanza kukausha umande, watu waliopita waliona mzee wa kanzu safi akiwa amekunja suruali hadi magotini ndani ya kidimbwi cha mwanamke. Alikuwa ameng'oa magugu yake mwenyewe kwanza, akazuia mdomo wa mfereji kwa fito za mianzi. Sasa aling'oa ya Agathe, fungu kwa fungu, kisha akayabeba yote kupanda mlima, akipumzika kila hatua kumi.

Agathe alitoka akasimama ukingoni na kikapu. Mzee hakuthubutu kuinua uso.

"Mizizi juu, papa," alisema hatimaye. "Na mbali na mufereji."

"Ndiyo, mama," alijibu Mahmoudi, akainama tena.