Ganda la Muiri

Nakumbuka siku moja kaka yangu Kamau alirudi nyumbani na panga mkononi, jasho linamtiririka, akapita bila kumsalimia mtu. Mwanangu, nilikuwa msichana wa rika lako. Tulikaa Ruiru, karibu na mto, na kwenye shamba la cucu, mama yake baba, kulikuwa na mti mkubwa sana wa muiri.

Mbao za muiri ni ngumu, watu wanazipenda kwa nguzo na mipini ya shoka. Lakini cucu aliutunza kwa ajili ya ganda lake. Wazee wakisumbuliwa na mkojo walikuja kwetu. Wafula, kibarua wa kahawa kutoka magharibi, alikuja akitembea kwa shida. Cucu akabandua kipande upande mmoja, akaupaka mti udongo pale penye kidonda, akamwambia Wafula akachemshe.

Kamau alikuwa anajenga, anataka kuoa.

"Cucu, mgeni unampa ganda, na mimi wa damu yako unaninyima mbao?"

"Wafula amechukua kidogo, mti bado uko. Wewe unautaka wote."

Basi siku ile ya panga, Kamau alikuwa ameubandua ganda kuzunguka shina lote, ili ukauke na cucu akose sababu ya kumkataza. Cucu alipoenda kuuona aliweka mkono pale palipo wazi, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alimwambia tu, "Kamau, umewanyima watu ambao hata huwajui."

Mti ulikauka. Nyumba ikajengwa, na hadi leo ni imara.

Miaka ikapita, baba naye akaanza kusumbuliwa na mkojo. Kamau alitafuta muiri mpaka Juja, mpaka Witeithie, akarudi mikono mitupu. Baba akapasuliwa hospitali, na akateseka sana kabla ya kupona. Kamau alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nisamehe."

"Mimi? Mwombe mama yangu."

Na cucu tulikuwa tumeshamzika.

Mwanangu, ukitaka dawa ya mti, bandua kidogo na uuache upone, na hospitali usiache kwenda. Ukitaka mbao, panda kwanza. Na kama kuna mzee umemkosea, inuka uende kwake leo, akiwa bado anaweza kukujibu. Mungu akulinde, akupe mkono mwepesi wa kutoa, na wazee wako wakutaje kwa wema.