Siku Kipaza Alipotudanganya

Mtaani kwetu mtu hafi mpaka Kipaza aseme. Ndivyo tulivyozoea kumtania, naye alicheka kwa aibu, maana akishuka tu kwenye baiskeli sauti yote humwishia, hata salamu yake lazima uitegee sikio. Lakini akishika maiki, na ile spika yake kubwa aliyoifunga nyuma kwenye keria, hata akiwa kule juu sisi wa bondeni tulimsikia. Alitangaza maji yakikatwa, chanjo za watoto, magodoro ya bei nafuu. Wafanyabiashara walimlipa. Msiba na mtoto aliyepotea alitangaza bure.

Na alikuwa na taratibu zake. Hakutangaza kifo bila kuingia kwanza kwenye nyumba yenyewe akamwona mfiwa kwa macho yake. Mtoto akipotea, alitaka kusema na mama mzazi, si shangazi wala jirani. Kabla yake alikuwapo mtangazaji mwingine aliyemtangaza marehemu mzee mmoja aliyekuwa bado amelazwa hospitalini. Mzee karuhusiwa kesho yake, karudi nyumbani, kakuta uani watu wanamlilia na mkwe wake kashavaa koti lake. Sisi tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma. Kipaza hakucheka hata siku moja.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na chao vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo mengi ya haya sikuyatafuta, yalinifuata nilipokaa. Mkewe, Mama Pacha, ni rafiki yangu. Kaka yake mkubwa tulimwita Shemeji, mtaa mzima, hata wasiohusika, kwa jinsi alivyokuwa haishi kuja pale.

Uchaguzi uliopita sisi wa bondeni tulionewa mchana kweupe. Tulifika kituoni tukaambiwa majina yetu hayapo, twende cha ng'ambo. Cha ng'ambo wakatuambia turudi tulikotoka. Jua likazama tuko njiani. Diwani akapita kwa kura za wenzetu wa juu, na tangu siku hiyo tulichokiona kwake ni vumbi la gari lake tu. Ndipo muuza mkaa, mwalimu mmoja wa shule ya msingi na Kipaza wakaanza kwenda ofisi ya uandikishaji, wanafukuzwa, wanarudi, wanaambiwa njooni kesho, na kesho wanakuja kweli. Mwishowe ofisi ikachoka kuwaona. Tukakubaliwa mashine ziletwe shuleni kwetu, bondeni, wiki moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila mtu aandikishwe upya.

Kipaza alilitangaza hilo kila asubuhi bila kudai senti. Watu wakaitikia vizuri, kila mmoja akisema atakwenda Jumamosi. Ndivyo tulivyo, na pia Jumamosi ndiyo siku ambayo wenye vibarua wanapumua.

Ijumaa jioni nilikuwa napiga pasi sare za shule nikamsikia Shemeji ng'ambo ya ukuta.

"Shemeji, nimetoka ofisini sasa hivi. Mashine zimeharibika. Kesho hakuna kitu, mafundi wanatengeneza. Watu waje Jumapili, siku imeongezwa."

"Nani kakwambia?" Kipaza akauliza.

"Ah! Unanihoji kama polisi? Mimi, ndani ya nyumba ya dada yangu?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Samahani, shemeji," Kipaza akasema. "Sikuwa na nia hiyo."

Kila mtu alijua kwamba Shemeji ni mtu wa diwani, anatumwa huku na kule, anafungua milango ya gari. Kipaza naye alijua. Lakini Shemeji ndiye aliyemlea Mama Pacha wazazi walipofariki, ndiye aliyesimama kama baba siku ya kumwoza. Mtu kama huyo utamwambiaje akupe ushahidi, tena mkewe akiwa palepale anammiminia chai? Kipaza akachukua baiskeli yake akatoka kutangaza.

Jumamosi tukalala. Jumapili tukaamka mapema, tukaoga, tukafika shuleni bondeni nzima, na geti limefungwa kwa kufuli.

"Wamemaliza jana," mlinzi akatuambia. "Walikaa kutwa nzima wakipiga miayo, hawakuona mtu. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Kipaza alipofika na baiskeli yake, watu walimgeukia yeye. Mama mmoja akamshika kola. "Umetuuza kwa bei gani?" Akaitwa msaliti, kibaraka, na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Mimi mwenyewe nilimtukana, na sauti yangu si ndogo. Hakujitetea. Alimtazama tu mkewe, na mkewe akainamisha uso.

Jumatatu wale watatu wakarudi ofisini. Afisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ofisi tu. Muuza mkaa alitusimulia maneno yake. "Nikiomba siku za nyongeza nitaulizwa kwa nini watu hawakuja. Niseme walilala? Kama walipotoshwa, nataka aliyewapotosha. Atajwe polisi, maelezo yaandikwe, nami nitapata mahali pa kushika."

Jioni hiyo sikuwasha cherehani. Sitasingizia mbao nyembamba, nilisikiliza kwa makusudi.

"Sema ulisikia vibaya," Mama Pacha alikuwa akimwambia.

"Nikisema nilisikia vibaya, siku haziongezwi."

"Basi sema uliyatunga mwenyewe."

"Niyatunge mimi? Mama Pacha, kesho mtoto akipotea nikapita natangaza, nani atatoka ndani kunisikiliza?"

"Mimi unanizungumzia watoto wa watu! Yule ni kaka yangu. Siku tuliyotoka kumzika mama alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, na yeye mwenyewe mtoto. Unajua hilo?"

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Baadaye nikasikia mtu analia, na hadi leo sijui alikuwa nani kati yao.

Jumanne Kipaza akaenda polisi akamtaja. Mchana huohuo Shemeji akachukuliwa kibarazani kwa diwani. Diwani alipoulizwa akasema kijana huyo hamfahamu vizuri, huwa anamwona tu akipitapita. Miaka yote ile ya kufunguliwa mlango wa gari!

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliendelea kumpikia mumewe, akimpakulia, akiweka sahani mezani, kisha anatoka kwenda kukaa kwangu mpaka amalize. Usiku alilala na watoto. Neno hakumpa, hata la kumwambia mlango uko wazi.

Ofisi ikatupa Alhamisi na Ijumaa. Unadhani tulishangilia? Jumatano Kipaza alipita mtaa kwa mtaa akitangaza, na madirisha yakafungwa mbele yake kana kwamba kaja na mvua.

"Katangazie wakweo!" mtu akampigia kelele, na watu wakacheka.

Yakazuka na maneno mapya, kwamba ni mtego, kwamba atakayekwenda atapigwa picha zipelekwe kwa diwani. Mwalimu na muuza mkaa wakagonga milango mpaka vidole vikavimba. Wakaambiwa, "Na nyinyi si mlikuwa naye?"

Mimi nilikwenda Alhamisi kwa kuwa nilijua ukweli umegharimu nini. Nilikuta makarani wawili, mmoja kalalia mkono wake. Nikaandikishwa nikarudi na kadi yangu, nikawaonyesha watu bombani. Wakasema mimi jirani yao, tunakula sahani moja.

Ijumaa Kipaza alianza mapema. Kufika saa nne sauti ilikuwa inakwaruza ndani ya spika. Kona moja mtu alimmwagia maji ya kufulia. Nilimwona akirudi, shati limelowa, akaegemeza baiskeli ukutani akaketi kizingitini. Hakuingia hata kubadilisha nguo.

Mama Pacha alikuwa kwangu, kaleta mashati ya watoto niyatoe pindo. Sikuweza kunyamaza, sina kipaji hicho.

"Watu hawaji," nikamwambia. "Jioni wanafunga. Kaka yako amelala ndani, na wa bondeni watakosa kura vilevile. Sasa kafungiwa nini?"

Nilidhani atanirushia mkasi. Alikunja mashati, moja moja, akayaweka juu ya meza yangu. Akatoka. Akampita mumewe pale kizingitini bila kumtazama, akachukua maiki kwenye usukani.

Waya wa maiki ile ni mfupi. Mtu mmoja akiishika na mwingine akisukuma baiskeli, lazima watembee bega kwa bega. Kipaza akasimama, akashika baiskeli, wakaondoka hivyo, watu wawili waliokuwa hawasemeshani.

"Mimi ni Mama Pacha," spika ikasema. Hakujua kuiweka mbali na mdomo, sauti ilikuwa ikipasuka. "Mnanijua. Aliyewadanganya ni kaka yangu, wa tumbo moja. Mume wangu kamtaja polisi. Kaka yangu yuko ndani tangu Jumanne ili nyinyi mfunguliwe geti. Mimi simtetei mume wangu, hata kusema naye sisemi. Lakini leo anachosema ni kweli. Geti liko wazi mpaka jioni. Kama hamji, nirudishieni kaka yangu."

Hilo la mwisho alilirudia kila kona. Milango ikaanza kufunguka. Yule mama wa Jumapili ndiye aliyetangulia, na kanga yake ya jikoni, na wengine nyuma yake, hakuna aliyekuwa akicheka. Kufika saa nane foleni ilikuwa imetoka getini imeingia barabarani, na yule karani wa usingizi akawa anaomba maji.

"Mama Pacha, njoo hapa mbele," nikamwita. "Hujaandikishwa. Watakupisha."

Watu wakajisogeza kumpa nafasi. Alitazama jua. Kituo cha polisi kiko mbali, na walimruhusu kuonana na kaka yake kabla ya saa kumi tu. Akarudisha maiki kwenye usukani, akaifunga vizuri na mpira wake, akaenda nyumbani akatoka na chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa.

Kipaza akamfuata mpaka barabarani. "Niende na wewe?"

"Usije," akasema. Neno la kwanza kumpa tangu Jumanne.

Akaenda peke yake. Jioni geti likafungwa, na karibu bondeni yote ilikuwa imeandikishwa. Yeye hakuandikishwa.