Uongo Uliomlisha Mzee Saulo

Wodi ya wazee wa kiume kule Iringa ina baridi ya kugandisha hata matusi mdomoni, na humo ndimo alimoshinda Daktari Payal. Huyu ni binti wa Girish, mwenye duka la vitenge mjini, na Kihehe alikiokota nyuma ya kaunta akiwakunjulia akina mama vitambaa. Alipowaamkia wazee "Kamwene!" walicheka mpaka vitanda vikalia.

Aliyewazidi wote kwa kucheka ni Mzee Saulo wa Idodi, aliyevunjika nyonga. Alisema aliangushwa na tembo alipokuwa akimfukuza shambani kwa mwiko. Tembo wapi! Aliteleza bafuni.

Halafu akagoma kula. "Sili mpaka Marta aje. Ugali wenu huu umesongwa na mtu mwenye hasira."

Marta, mkewe, alikuwa ameshazikwa. Homa ilimchukua ghafla, mzee akiwa amelala wodini. Mtoto wao, Isaka, alikuja amevuta kofia ya sufu mpaka masikioni, kuficha kichwa walichomnyoa msibani. Akamvuta daktari pembeni.

"Dada, kwetu mgonjwa haambiwi msiba. Tunamwambia mama kavimba miguu, anamsalimu. Akipona tutamweleza wenyewe."

"Na akiniuliza mimi?"

"Ukimwambia, umemuua."

Payal akaamua kunyamaza. Kunyamaza si kudanganya, alijifariji. Lakini mzee alikonda, mbavu zikamtoka kama mbuzi wa kiangazi, kidonda alichopata mgongoni kwa kulala sana kikaanza kunuka. Mpira wa kumlishia puani aliung'oa akamrushia nesi.

Asubuhi moja akamshika daktari mkono. "Binti Girish, hawa wanangu wananichekea kwa meno tu. Baba yako kanipimia vitambaa tangu ujana wangu, hajanipunja hata mara moja. Niambie wewe. Marta yupo?"

Payal akaziangalia zile mbavu.

"Yupo, babu. Anakungoja."

Loo, mzee alikula! Alimaliza uji wake, akamalizia na wa kitanda cha jirani. Wodi nzima ikasema daktari ana mkono mwema. Lakini kila siku aliulizwa habari za Marta, na kila siku akamtungia maisha: leo kafua, leo kagombana na jirani kwa ajili ya kuku.

"Ndiye huyo huyo!" mzee alicheka, akiomba kuongezewa maharage.

Siku ya kuruhusiwa Isaka akasema, "Twende wote, dada. Sisi hatuna mdomo wa kumwambia."

"Si mlisema mtamweleza wenyewe?"

"Sisi tulisema kavimba miguu. Wewe ndiye uliyemuahidi kwamba anamngoja."

Njia nzima ya Idodi mzee alipiga porojo. Walipomshusha uani, akaliona kaburi kando ya nyumba, majani yameshaanza kuota juu yake. Porojo zikakatika.

"Nilipokuuliza, alikuwa humo?"

"Alikuwa humo, babu."

"Na watu walikuwa wameshamlilia?"

"Walikuwa wameshamlilia."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Aliyaweka magongo chini, akajikokota mpaka kwenye udongo ule, akaanza kulia kilio cha msiba cha Kihehe, akimwita mkewe kwa jina la ukoo wake. Alipandisha sauti, akaikata pale ambapo wanawake hupokea.

Hakuna aliyepokea. Msiba ulishaondolewa, masufuria ya kuazima yalisharudi kwa wenyewe. Mama mmoja kule shambani aliinua kichwa, akasikiliza, akainamia jembe lake. Isaka aligeukia ukutani.

Mzee akapandisha tena, akakata tena, akangoja. Payal hakuweza kuustahimili ule ukimya. Akafungua mdomo apokee.

Mzee akainua mkono kumzuia.

"Wewe hapana," alisema, akaanza upya.