Siku Mama Mkwe Aliponiomba Ruhusa ya Kusema

Hii nawasimulia nimeinamisha uso, maana aibu yenyewe niliipika mwenyewe, sikupikiwa na mtu.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Kisumu Ndogo. Mwanangu Baraka alipotimiza mwaka na miezi miwili, mke wangu alirudi kazini, na mama yake akaja kutoka Vitengeni kutusaidia kulea. Mama mkwe ni mtu wa maneno, akimwogesha mtoto humsimulia mpaka sabuni ilinunuliwa wapi, ila yote kwa Kigiriama, nami (Mgiriama mwana wa Mgiriama, msinicheke) nikaamua kwamba lugha hiyo itamchanganya mtoto akili. Nikamwambia, "Mama, samahani, mtoto tumwachie simu. Mna katuni za Kizungu humo, zafundisha mpaka hesabu."

Akanitazama kidogo. "Haya, mwanangu. Nyumba ni yako."

Basi siku ya kliniki tukaenda mimi na yeye. Muuguzi, dada mmoja mcheshi, alikuwa akiwaeleza kina mama kwamba ubongo wa mtoto hukua upesi mno miaka hii ya mwanzo, na kwamba mtoto ataka kuongeleshwa, kuimbiwa, kujibiwa hata anapobwabwaja tu. Mimi, mwanamume pekee pale kwenye benchi, sijui nini kilinituma, nikanyoosha mkono: "Wangu ashajua Kizungu!"

"Mashallah!" akasema muuguzi. "Hebu mlete tumwone."

Nikamsimamisha mkekani. "Baraka, nozi! Onyesha nozi!" Pua hakuigusa. Nikamwita jina, hakugeuka, nikaita tena kwa sauti, macho yake yako kwenye mfuko wa shati langu, mlimo simu. Nikaitoa nikidhani wimbo wa namba utaniokoa, kumbe imezima, haina chaji (simu ya fundi simu!). Baraka akaibonyeza, akaitupa, kisha akamwendea mtoto mwingine pale mkekani na kuanza kumpitisha kidole usoni, kushoto kulia, kushoto kulia, kama anayetafuta katuni nyingine.

"Yallah," akasema mama wa yule mtoto, "huyu amtafuta nani usoni mwa mwanangu?"

Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Baba Baraka, nyumbani ni nani huzungumza naye?" Nikainama kuokota simu. Akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo, bibi. Hebu mwite wewe."

Mama mkwe hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Nimwite, mwanangu? Kwa Kigiriama?"

Kicheko kikakatika. Watu wote wakaelewa, na lau ningeweza kuingia chini ya ule mkeka ningeingia.

"Mwite, Mama," nikasema.

"Ndzoo, mudzukulu wangu," akaita, yaani njoo, mjukuu wangu, na Baraka akageuka mwili mzima, akamwendea mbio huku akipepesuka. Akaulizwa pua, akashika pua. Akaulizwa sikio, akashika sikio. Kisha akaanza kumbwabwajia bibi yake hadithi ndefu isiyo na neno hata moja, na bibi naye akawa akimjibu kwa makini kama apokeaye habari za kwao.

Tukirudi nyumbani Muyeye, njiani, mama mkwe akasema, "Unisamehe, mwanangu. Ukishaenda kazini nilikuwa nikimwongelesha kidogo kidogo. Nilishindwa kukaa naye kimya."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nikasimama palepale nikamwambia mwenye kosa ni mimi. Akasema yameisha, lakini nilimwona akijipangusa macho kwa ncha ya leso.

Nimeapa sitamziba tena mtu mzima mdomo nyumbani kwangu. Jioni huketi sakafuni na mwanangu, nikamweleza mambo ya kutwa kwa Kigiriama changu kibovu, mama mkwe akinisahihisha kutoka jikoni. Zilipita wiki kadhaa kabla Baraka hajageuka nilipomwita. Siku alipogeuka, akanitazama usoni akisubiri, nami nikaanza kumsimulia mpaka sabuni ilinunuliwa wapi.