Transista Iliyokwanguliwa Namba

Nina wivu. Sisemi nilikuwa nao, ninao mpaka leo, ila uzee umeupunguza makali. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Mkuyuni, ulikuwa unaninyima hata hamu ya kula, na aliyeuchokoza ni mwalimu mmoja wa fizikia tuliyepanga naye nyumba moja.

Mimi nilikuwa fundi redio. Meza yangu ilikuwa kando ya soko, na watu walipanda kivuko kutoka Sengerema na redio zao kwenye vikapu, wanawapita mafundi wengine wote, wanakuja kwangu. Siri yangu ilikuwa kipande cha msasa. Kila transista niliyoweka kwenye redio ya mteja niliikwangua namba, ili fundi mwingine akifungua asijue nimeweka nini. Mafundi wengi tulifanya hivyo. Ujuzi ni wako, umeutolea jasho, kwa nini umfundishe mtu kukunyang'anya wateja? Na wateja wenyewe walikuwa wanapungua. Tangu mambo ya ruksa yaanze, bidhaa za nje zikafunguliwa milango, redio mpya za bei ya chee zilijaa madukani, ikiharibika mtu anatupa, ananunua nyingine. Kilichobaki kwangu ni jina. Mtaa mzima ukisema "Fundi", anayetajwa ni mimi.

Basi mwalimu akaanza kuunda redio sebuleni kwake.

Alikuwa mtu wa Bukoba. Watu wa huko tunawatania kwa majivuno, na ningefurahi sana angekuwa nayo, nipate pa kumshikia. Hakuwa nayo hata chembe! Kila asubuhi "Umeamkaje, Fundi," kwa heshima zote, na mimi najibu huku nimenuna. Alikuwa na kompyuta ya mtumba, na ndugu yake aliyesoma ng'ambo alikuwa amemtumia disketi yenye mchoro na programu. Ilikuwa redio ya kusikiliza wale watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, mtu wa nchi hii na mtu wa nchi ile, si stesheni ya muziki wala ya taarifa ya habari. Bodi yake ilikuwa na vitu vichache mno. Kazi yake ilikuwa kuyapokea mawimbi na kuyashusha yaingie kwenye kompyuta. Kuchuja na kuchagua sauti, kazi ambayo redio zangu zilifanya kwa vikopo vya bati na koili za waya chungu nzima, kulifanywa na programu.

"Na aliyeiandika ameacha maandishi yake yote wazi, Fundi," akaniambia. "Unaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha, kumpa mwingine."

"Bure?"

"Bure."

"Huyo mtu ana akili timamu?"

Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Aliniomba nimzungushie koili, nikamzungushia vizuri kabisa, kwa sababu nilikuwa na hakika haitafanya kazi na sikutaka lawama. Akavuta waya kutoka pembe ya paa hadi kwenye mlingoti aliousimika nyuma ya bafu. Jumamosi moja alasiri nikiwa uani nikasikia sauti ya mzungu inatoka sebuleni kwa mwalimu, halafu wapangaji wakapiga makofi. Roho iliniuma! Nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango.

Aliyenimaliza ni mke wangu. Akawa haishi kwenda huko. Anakaa na mke wa mwalimu, wanachambua mchicha, wanasikiliza. Akirudi ananipa habari.

"Leo tumempata mtu wa Italia. Mwalimu ametutafsiria. Anasema kwao mvua inanyesha."

"Hata hapa ikinyesha paa linavuja," nikasema. "Hilo halikushangazi?"

"Wewe nawe! Lakini yule mwalimu ana kichwa, jamani."

Miaka kumi na moja ya ndoa, nimetengeneza redio hata idadi yake siijui, na mimi sikuwahi kuambiwa nina kichwa.

Halafu mwalimu akautoa ule mchoro fotokopi, akampa kila aliyeuliza. Akampa hata fundi wa meza ya jirani yangu sokoni, mtu ambaye kwa miaka minane nilikuwa nikimgeuzia mgongo nikifungua redio asione. Yule bwana akaja kunionyesha karatasi anacheka meno yote nje. Nikamwambia aondoe takataka zake mezani kwangu.

Mvua za vuli zikaja. Mchana mmoja radi ikapiga kule ziwani, ikapiga tena karibu, na mwalimu alikuwa shuleni, waya wake haujachomolewa. Jioni akaniletea bodi kwa mikono miwili.

"Fundi, radi imeingia. Nafikiri ni transista ya kwanza."

Nikapima kwa mita yangu. Kweli, imekufa. Nikamwambia aniachie.

Kwenye kopo langu nilikuwa na transista nzima ya aina ile. Nilikuwa pia na nyingine mbovu niliyoitoa kwenye redio ya mtu, nimeikwangua namba siku nyingi. Nikazitazama zote mbili. Nilijua mwalimu hana mita, kila mara aliazima yangu. Nikachukua mbovu nikailehemu, nikaipangusa vizuri na brashi. Nilimrudishia asubuhi yake, akanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Sebule ya mwalimu ikawa kimya. Wiki ya kwanza nililala vizuri ajabu. Mke wangu akarudi kuchambua mchicha mlangoni kwetu. Wapangaji wakamuuliza mwalimu kulikoni, naye akawajibu mbele yangu, "Kompyuta inasumbua. Fundi kazi yake ameifanya vizuri." Nikajisemea, huyu mjinga kweli, hata hajui anaibiwa.

Lakini wiki ya pili mke wangu akaniambia, bila hata kuinua macho, "Wewe huwezi kumsaidia mwalimu? Si fundi wewe?"

Yaani wivu wangu mwenyewe ulikuwa umenigeukia! Nikaamua kwenda na transista nzima mfukoni, nijifanye natafuta ubovu, nijifanye nimeugundua, nisifiwe. Jumapili, watu walipokuwa bado kanisani, nikagonga. Mwalimu alikuwa peke yake.

"Karibu Fundi. Nilikuwa nakungoja."

Akaniletea bodi. Nikaigeuza. Mahali pa transista ya kwanza palikuwa patupu, matundu matatu tu. Mwalimu akavuta droo, akatoa kikaratasi, akakifungua, akaniwekea kiganjani ile transista yangu iliyokwanguliwa.

"Hii ilikuwa imekufa kabla hujaiweka," akasema taratibu. "Niliipima siku ileile uliyonirudishia. Niliazima mita ya shule."

Nilitaka kukasirika, hasira ndiyo niliyoizoea. Haikuja.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angekuletea redio tena?"

"Ungeweka nyingine basi. Ninyi mkasikiliza."

"Wangeniuliza ilikuwa na nini. Mimi kudanganya siwezi sana, Fundi. Hata huo uongo wa kompyuta umenitesa." Akaangalia saa. "Haya, kama umekuja na nzima, iweke. Wanakaribia kurudi."

Wiki mbili mtu anakaa na redio yake imekufa, anapenda kusikiliza kuliko kula, kwa ajili ya jina langu mimi. Na hata pale, nimeona aibu mpaka masikio yanawaka, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kuwa mtu wa namna ile. Nikalehemu, risasi ya kulehemea inadondokea suruali yangu.

Ikaongea. Sauti ya mwanamke, mbali, anarudiarudia herufi zake za kujitambulisha hewani. Wapangaji walikuwa wanaingia uani na nguo zao za kanisani, mwalimu akafungua dirisha.

"Jamani, njooni! Fundi ameitengeneza!"

Wakajaa. Mmoja akanipiga mgongoni, mwingine akasema si mnaona, huyu ndiye fundi. Mke wangu akapenya katikati yao akasimama mbele yangu, akaniangalia vile nilivyotaka aniangalie miezi yote ile.

"Mimi nilijua utaiweza," akasema. "Una kichwa, mume wangu."

Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta kitu, nikakaa huko mpaka alipoacha kunitazama.